Kitabu kimoja, madaktari wanne

Kitabu kilianzia kwenye figo. Hakikuwa na ukurasa wa jina, dibaji wala yaliyomo. Ukifungua jalada unakutana moja kwa moja na ukurasa wa mia tatu na kitu, na mchoro wa rangi unaoonyesha maji yanavyogawanyika mwilini. Kilikuwa kwenye meza ya muuza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam, kati ya riwaya za Kiingereza zilizopauka na mwongozo wa kodi ya mapato. Ungedhani kimechanika kikaokotwa. Lakini mgongo wake ulikuwa wa kitambaa cha marekani kilichokazwa kwa gundi, majalada magumu yamekatwa sawasawa, kona zimekunjwa bila hata kiputo kimoja cha hewa, na chini ya mgongo mtu ameandika kwa kalamu ya wino mzito: 2/4. Ndani ya jalada kulikuwa na ratiba ya Jumapili, na herufi za mwanzo za majina manne.

"Hiyo kazi ya mzee wa Ilala," muuzaji alisema alipoona nimekikazia macho. "Anawakatia wanafunzi wa Muhimbili."

Nikalipa, nikaondoka nacho, na swali likanikaa: mtu anayepasua kwa kisu kitabu cha bei kubwa namna ile, kwa nini ajisumbue kukishona vizuri namna ile?

Waliosomea afya wameshakitambua. Ni Guyton, kitabu cha fiziolojia ambacho Arthur Guyton wa Mississippi, Marekani, alikitoa mara ya kwanza mwaka 1956. Polio ilimkamata mwaka 1946 akiwa katika mafunzo ya upasuaji, ikamwachia ulemavu wa mguu, mkono na mabega. Ndoto ya upasuaji ikaishia hapo, akageukia utafiti na kufundisha, na matoleo manane ya kwanza ya kitabu hiki aliyaandika peke yake. Watoto wake kumi wote walikuwa madaktari. Alifariki mwaka 2003 kwa ajali ya gari, na wengine wakakiendeleza. Toleo la 14 lilitoka mwaka 2020. Ni kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000, kizito kukibeba kwenye daladala, na bei yake ndiyo iliyozaa kazi ninayotaka kuisimulia.

Fundi, yule mzee wa Ilala, aliniomba jina lake lisitoke gazetini, kwa sababu ambayo msomaji ataielewa huko mbele. Anafanyia kazi barazani, kwenye nyumba ya Kiswahili iliyo mtaa wa nyuma usio mbali na Ilala Boma. Ana meza moja, jiriwa la seremala, pasi ya umeme, misumeno miwili midogo, ndoo ya gundi nyeupe ya mbao, na kisu alichokichonga mwenyewe kutokana na bapa la msumeno wa chuma. Kujalidi alijifunza kiwandani, mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati ofisi za serikali zilikuwa bado zinapeleka majarida na leja zao kujalidiwa kila mwaka. Alipunguzwa kazi miaka ya 1990 pamoja na wenzake wengi, akaondoka na ufundi wake.

Nilimwamkia. "Marahaba, mwanangu," alijibu bila kuinua macho. "Una kitabu au una maneno?"

Nilikuwa na vyote viwili. Akaipokea ile robo ya kitabu, akaifungua katikati, akachungulia mshono. "Uzi wa bluu. Hii ni ya kipindi cha korona. Uzi mweupe uliadimika, nikashonea wa jinzi." Akavuta kauntabuku kutoka chini ya meza, akaperuzi, akaweka kidole. Majina manne, sahihi nne, tarehe. Robo ya kwanza iliwahi kurudi kutengenezwa jalada. Ya tatu na ya nne hajui ziliko.

"Umeinunua shilingi ngapi?"

Nikamwambia, elfu tano.

Akanyamaza kidogo. "Aliyeiuza alikuwa na shida. Robo haiuziki peke yake. Nani anataka figo bila moyo?"

Kumbe wazo la kukata halikuwa lake. Miaka mingi iliyopita mwanafunzi mmoja alimletea Guyton iliyovunjika mgongo yenyewe kwa kutumika, imeachana vipande. Fundi akaanza kuvipanga ili aviunganishe. "Akaniambia, babu, usikiunganishe. Kishone vilevile kilivyoachana. Nikamuuliza, una wazimu? Akasema tuko wanne chumbani, mmoja akisoma watatu tunamtazama. Ukikiacha hivyohivyo wote tunasoma." Alikishona vipande vipande, kwa moyo mzito. Mwaka uliofuata wakaja wengine wanne, na chao kilikuwa kizima.

Hesabu yao si ngumu. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo hupata hadi shilingi 200,000 kwa mwaka kwa ajili ya vitabu na viandikwa. Guyton mpya peke yake inaweza kuimeza posho hiyo yote, na mwaka wa kwanza haudai Guyton peke yake. Kuna anatomia, kuna bayokemia, kuna madaftari, kuna kopi za kila wiki. Na bumu, yaani fedha ya mkopo, likitoka, kila mwanafunzi anajua lina wadai wangapi wanaolisubiri mlangoni. Njia iliyozoeleka ni kukitoa kopi kitabu kizima. Kwa shilingi 50 ukurasa, kurasa 1,000 ni elfu hamsini. Lakini kopi ni nyeusi na nyeupe, na Guyton ni kitabu cha rangi: damu yenye oksijeni huchorwa nyekundu, iliyopungukiwa nayo huchorwa bluu, na mchoro wa moyo ukiufanya wa kijivu umeondoa nusu ya somo. Kundi nililokutana nalo kwa fundi lilikuwa limepata Guyton iliyotumika, nakala halisi, kwa 120,000. Elfu thelathini kila mmoja. Fundi anatoza elfu saba kwa robo. Kwa shilingi 37,000 kila mmoja ana kitabu halisi mkononi, chenye rangi zake, chenye karatasi isiyopukutika. Ni nafuu kuliko kopi. Nilirudia hesabu hiyo kwenye daftari langu kwa sababu sikuamini.

Siku hiyo walifika watatu. Fundi aliwapokea, akakipima kitabu kwa macho, kisha akauliza, "Daktari, mwenzenu wa nne yuko wapi?" Wote anawaita daktari, hata walioanza chuo mwezi uliopita. Wakamwambia bado yuko maabara, aanze tu. Akawaonyesha benchi. "Sikati kitabu cha wanne mbele ya watatu."

Wakakaa. Baada ya kama saa nzima binti akaja anahema, koti jeupe mkononi. Ndipo fundi akaosha mikono.

Alianza na penseli. Guyton imegawanywa sehemu 15, na fundi, ambaye elimu yake ya darasani iliishia darasa la saba, anazijua zote kwa mpangilio. Robo ya kwanza: seli, neva na misuli, moyo, mzunguko wa damu. Ya pili: figo na maji ya mwili, damu na kinga, upumuaji. Ya tatu ni mfumo wa fahamu mtupu, kuanzia hisia hadi ubongo, na ndiyo anayoikata kwa woga zaidi kwa sababu, anasema, wanafunzi huirudisha imechakaa kuliko zote. Ya nne: mmeng'enyo, matumizi ya chakula mwilini, homoni, uzazi, michezo. Kuna sehemu ya nane, fiziolojia ya angani na ya kuzamia baharini, ambayo vijana walimwomba aiache kabisa ili kupunguza unene. Alikataa. "Mmoja wenu atapangiwa Mafia au Kilwa. Ataletewa mpiga mbizi usiku. Afungue nini?" Ikaingia robo ya pili.

Kisha akalitoa jalada la asili, kisu kikipita kwenye mfereji kati ya ubao na karatasi ya kwanza. Mgongo ukabaki uchi, na gundi ya manjano ya kiwandani imekauka juu yake. Akaufunika kwa kitambaa kikavu, akapitisha pasi taratibu, akainua, akapitisha tena. Harufu ya gundi ikapanda. Gundi hii, alieleza, hulegea kwa joto. Ukiikata ikiwa baridi inavunjika na kuondoka na ncha za karatasi. Akafungua penye alama ya kwanza, akaweka kisu juu kabisa, na kukishusha hadi chini kwa mkono mmoja, bila kusita wala kurudia. Binti mwenye koti alifumba macho. Robo ya kwanza ikaachana na kitabu, na hapakuwa na hata ukurasa mmoja uliochanika.

Kwenye mpaka wa pili likatokea jambo ambalo hutokea, anasema, karibu kila kitabu: sehemu moja inaishia mbele ya karatasi, na nyingine inaanzia nyuma ya karatasi hiyohiyo. Karatasi moja, wenyewe wawili. Fundi anaiita karatasi ya mpaka. Hutolewa kopi, robo moja ikapata halisi na nyingine kopi, na amewahi kuona marafiki wakinuniana kwa ajili yake. Safari hii vijana walicheka, na yule wa robo ya tatu akaiachia.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyonifanya nikae pale mpaka adhuhuri. Alipiga msasa mgongo wa kila robo mpaka gundi ya zamani ikaisha na ncha za karatasi zikawa na manyoya. Akaibana robo kwenye jiriwa kati ya mbao mbili, akachukua msumeno mdogo na kukata mifereji mitano kwenye mgongo, mifupi, ya kina cha uzi tu. Kisha akaikunja robo nzima kuelekea kushoto, kurasa zikajipanga ngazi kwa ngazi, akapaka gundi. Akaikunja kulia, akapaka tena. Kwa namna hiyo kila karatasi inalamba gundi ukingoni pande zote mbili, wala haishiki kwa ncha pekee. Uzi uliopakwa nta ukalazwa katika mifereji, kitambaa cha marekani kikafuata juu yake, kikasuguliwa kwa mfupa. Mafundi wengi hutoboa matundu pembeni na kushona kama gunia. Ni haraka, lakini kitabu hakifunguki hadi ndani, na maneno ya karibu na mshono hayasomeki. "Mwanafunzi atakilazimisha," fundi alisema, "na akikilazimisha kitakufa mwaka wa pili. Mimi nataka kifike intani."

Nikamuuliza swali lililonileta: kwa nini ajisumbue hivyo kwa shilingi elfu saba?

"Kwa sababu nimekikata mimi."

Kisha kuna faharasa. Guyton ina kurasa nyingi za faharasa, na zote ziko mwisho, kwa hiyo zote zinaangukia robo ya nne. Mwanzoni hakuliona hilo kuwa tatizo, hadi wanafunzi walipoanza kurudi. Mwenye robo ya pili anatafuta neno, hajui liko kwake au kwa mwenzake, anapiga simu mabweni mazima. Sasa kijana wa steshenari ya jirani hutoa kopi tatu za faharasa na kopi tatu za yaliyomo, na kila robo inashonewa zake. "Kitabu kisicho na faharasa utakisoma kama hadithi," alisema. "Daktari hasomi kama hadithi. Daktari anatafuta." Ndani ya kila jalada anachora ratiba kwa mkono wake: kila baada ya Jumapili mbili, robo zinahama.

Hapo kwenye kopi za faharasa ndipo jina lake linapofichwa. Kukata kitabu ulichokinunua ni haki yako, hakuna anayekuuliza. Kukitoa kopi ni suala lingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaacha nafasi kwa matumizi ya binafsi na ya kufundishia, lakini mpaka wa nafasi hiyo mbele ya mashine ya kopi haujachorwa wazi kiasi cha mtu wa barazani kulala usingizi. Huko India mpaka ulijaribiwa mahakamani. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, Oxford, Cambridge na Taylor & Francis, walilishtaki duka dogo la kopi, Rameshwari, lililo ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi, pamoja na chuo chenyewe, kwa kuwatengenezea wanafunzi majalada ya sura zilizochaguliwa na walimu. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikasema kopi za namna hiyo, kwa ajili ya masomo, zinaruhusiwa na sheria ya India. Mwaka 2017 wachapishaji wakaiondoa kesi yao. Nilimsimulia fundi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mwenye duka alilipa wakili kwa fedha gani. Sikuwa na jibu.

Yeye ana mpaka wake mwenyewe, nao ni mkali. Hakati kitabu chenye muhuri wa maktaba. Anatazama ukurasa wa jina, kisha kingo za karatasi, kisha anafungua ukurasa mmoja wa ndani anaoujua, kwa sababu maktaba nyingi hugonga muhuri wa pili mahali pa siri ambapo mwizi hakumbuki kuuchana. Wameshakuja na vya namna hiyo wawili watatu. Amewarudisha. Mmoja aliangua kilio, naye akamwambia aende akakirudishe usiku, akisukumize chini ya mlango, asiseme kitu.

Wala hashoni kila kitabu cha zamani. Hapa nilimpenda zaidi. Toleo la nyuma la Guyton anawahimiza walinunue, maana likitoka jipya la zamani hushuka bei, na moyo bado una vyumba vinne. Rafu yake ina Bailey & Love ya upasuaji na Davidson ya tiba zenye nembo ya ELBS, ule mpango wa serikali ya Uingereza uliogharimia vitabu vya kiada viuzwe bei nafuu katika nchi zetu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi ulipofungwa mwaka 1997; anavitunza kwa heshima, lakini hauzi. Vitabu vya dawa ndivyo anavyovikataa kabisa. Aliwahi kuletewa kimoja kinachosema malaria itibiwe kwa klorokwini. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001, na mwaka 2006 ikaingia dawa mseto. "Nikimshonea hicho vizuri, kikadumu miaka ishirini, nimemsaidia nani?"

Nilimuuliza kuhusu simu, kwa kuwa kila mwanafunzi siku hizi ana softikopi. Hakukataa. Kazi imepungua, alisema, na kuna muhula aliopata makundi machache sana. Vijana wanne waliokuwa pale wote walikuwa na Guyton nzima kwenye simu zao, ya kupakua, ambayo wala hawakujua ilitoka wapi. Basi kwa nini wamechanga 37,000? Walijibu kwa pamoja, kila mmoja na lake: chaji, macho, ujumbe unaoingia katikati ya figo. Yule binti alisema jambo lililonibakia. Kwenye simu, alisema, anaweza kusoma Guyton yote, ndiyo maana hajawahi kumaliza hata sura moja. Robo ikiwa mezani anajua wiki mbili hizi ni zake na figo, na Jumapili inakuja.

Kama hilo ni elimu nzuri au ni umaskini uliozoeleka, sijui niseme nini. Wanaoshika robo moja kwa wiki mbili huishia kuifundisha kwa wenzao watatu, fundi anasema amewasikia wakibishana pale barazani. Lakini magonjwa hayagawanyiki robo nne, na mwalimu hapangi majaribio kwa kufuata ratiba ya Jumapili. Wiki za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zikikaribia, wanne hao hujifungia chumba kimoja na kubadilishana robo kwa saa. Mtu analala saa nane ili mwingine aamshwe kuanza mapafu.

Na mmoja akidisko, yaani akaondolewa chuo kwa kufeli? Fundi alikuwa ameliona hilo kabla yangu. "Robo ni yake, ni haki yake. Lakini ataenda nayo Songea kufanya nini?" Siku hizi sahihi katika kauntabuku zina sharti: anayeondoka awauzie kwanza wenzake, kwa fedha ileile aliyochanga. Sharti hilo halikuwapo wakati wa uzi wa bluu. Matokeo yake yako kwenye rafu ya juu, robo kama ishirini hivi zisizo na wenzao, ambazo anaziita mayatima. Wanafunzi huja kuzilinganisha na walizobaki nazo. Mara chache zinaoana. Robo ya tatu ya toleo la 12 haiungani na robo ya pili ya toleo la 13. Kurasa hazikutani, sura zimehama. Yangu niliiacha pale, maana kwangu ni pambo na kwake inaweza kupata mwenzake.

Nasema wazi kwamba kazi hii inanigusa, na inaniudhi pia. Inanigusa kwa sababu watoto wa watu wanne wanaaminiana kiasi cha kumiliki robo robo. Inaniudhi kwa sababu ya pengo linaloilazimisha. Kitabu kilekile huchapwa kwa bei ya chini kwa ajili ya soko la India na jirani zake, na jaladani huandikwa kisiuzwe nje ya nchi hizo. Marekani kwenyewe mwanafunzi kutoka Thailand, Supap Kirtsaeng, alikuwa akitumiwa na ndugu zake vitabu vya bei ya Asia na kuviuza mtandaoni ili agharimie masomo. Wachapishaji Wiley wakamshtaki, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikampa ushindi kwa kura sita kwa tatu. Lakini hapa Dar es Salaam ni wanafunzi wangapi wana ndugu Mumbai?

Kuna vitabu ambavyo havihitaji ndugu wala wakili. Chuo Kikuu cha Rice, huko Houston, tangu mwaka 2012 kinatoa vitabu vya kiada vya bure kwa jina la OpenStax, na kimojawapo ni cha anatomia na fiziolojia. Leseni yake inaruhusu mtu yeyote kukipakua, kukichapa na kukitoa kopi, mradi amtaje mwandishi. Mwanafunzi mmoja alimletea fundi sura zake kadhaa azishone. Fundi alimuuliza kama ni halali. Alipoonyeshwa leseni, akaomba asomewe tena, polepole. Hakijai mahali pa Guyton, na mwalimu akitaja ukurasa anataja wa Guyton. Lakini ni kitabu kizima, cha rangi, cha bure, na kati ya wanne waliokuwa barazani siku ile hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa kipo.

Fundi ana pendekezo lake, na halihusu leseni. Anauliza kwa nini maktaba zenyewe hazikati. Viti si shida tena kila mahali. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, inaketisha watu 2,100 kwa wakati mmoja. Shida ni nakala za kile kitabu kimoja ambacho darasa zima linakitaka usiku mmoja. Guyton ikiwa nzima, aliyeiwahi anasoma moyo na robo tatu zilizobaki zimelala chini ya kiwiko chake. Ikikatwa nne, wanasoma wanne. Fundi alishalipeleka wazo hilo kwenye maktaba moja ya chuo, akiwa amevaa shati lake la Ijumaa na sampuli mkononi. Akaambiwa kitabu ni mali ya umma, hakiwezi kukatwa.

"Nimewaambia wanipe kile kilichokwisha kuvunjika, wanachotaka kukiondoa kwenye rafu," alisema. "Nitakikata bure, mbele yao, nitakishona bure. Wakiweke mezani mwezi mmoja wahesabu."

Nilimfikishia mkutubi ninayemfahamu, wa chuo kingine, maneno hayo kama yalivyo. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza faharasa itakuwa ya nani, nikamweleza kuhusu zile kopi tatu. Akauliza robo zitaandikishwaje kwenye katalogi, kama kitabu kimoja au vinne, na ikipotea moja atoze mwanafunzi bei ya robo au ya kitabu kizima. Fundi nilipompelekea maswali hayo alisema la bei ni rahisi, atoze ya kitabu kizima, maana ndicho kilichopotea. La katalogi aliomba apewe muda.